Nani Ana Ufunguo?

Sebuleni kwetu Tandale kuna ukuta wenye mistari mitatu. Marehemu baba aliichora kwa mkaa, kila mmoja baada ya mafuriko, na pembeni yake akaandika mwaka. Wa juu kabisa ni wa Desemba 2011, mvua iliyoua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam na kuvunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1954. Mstari huo unanifika kifuani. Mama unamfika shingoni. Kila tunapopaka chokaa, fundi huambiwa aupite ukuta huo, naye kila mara huuliza kwa nini, na kila mara Mama hujibu, "Hiyo ni kumbukumbu, siyo uchafu."

Sikuwahi kuufikiria ule ukuta kuwa ni taarifa mpaka nilipofika chuo. Mwaka 2015 niliingia katika kundi la wanafunzi waliojitolea kuchora ramani za kata zinazofurika, kwenye mradi wa Ramani Huria. Tandale yenyewe ilikuwa imetangulia. Wakazi na wanafunzi walikuwa wameichora mwaka 2011, na kabla ya hapo, kwenye ramani nyingi, mtaa wetu wenye maelfu ya watu ulionekana kama doa tupu kati ya barabara mbili. Sisi tulipangiwa kata nyingine. Tulitembea na wenyeji, simu mkononi, tukiandika mifereji, visima, zahanati, vichochoro. Kwenye kila nyumba tulikuwa na swali moja: maji yaliwahi kufika wapi? Watu hawakujibu kwa mita. Walionyesha goti, walionyesha dirisha, walionyesha tundu la swichi ya taa. Mzee mmoja alinishika mkono akaniingiza ndani, akanionyesha mstari ukutani. Nilitaka kumwambia kwamba na sisi tunao, nikashindwa. Koo lilikuwa limenikaba.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi katika ofisi moja katikati ya jiji, ghorofa ya tisa, kiyoyozi kikali kiasi kwamba nilikuwa naacha sweta kwenye kiti. Huko ndiko nilikokutana na maneno "jiji janja". Yalikuwa kwenye kila andiko na kila wasilisho, pamoja na picha za majengo ya vioo yasiyo na mtu hata mmoja anayeuza karanga chini yake. Nakumbuka siku ya kwanza niliyasoma nikacheka moyoni. Kwa Kiswahili cha nyumbani, mjanja si lazima awe mtu mwenye busara. Mjanja anaweza kuwa yule anayepita mbele ya foleni, anayekuuzia simu ukafika nyumbani ukakuta kwenye boksi kuna kipande cha sabuni. Na jiji lenyewe tayari tulikuwa tumelipa jina linalohusu akili. Tuliliita Bongo, kwa kuwa huku ukija bila ubongo huishi wiki. Ila akili ile ilikuwa ya watu. Walioliita hivyo walikuwa wakizungumzia vichwa vyao wenyewe.

Lakini nilikuwa kijana, nilikuwa na mkopo wa chuo wa kulipa, na kazi niliyopewa niliipenda kweli. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kutoa tahadhari ya mafuriko. Kifaa cha kupima kina cha maji kingefungwa chini ya daraja. Maji yakipanda, kifaa kingetuma taarifa, na programu ingetuma ujumbe kwenye simu za wakazi waliosajiliwa. Ofisini tulikuwa na skrini kubwa yenye ramani. Kila nyumba iliyosajiliwa ilikuwa nukta. Ujumbe ukitumwa nukta inakuwa ya njano, ukifika inakuwa ya kijani. Mimi ndiye niliyechagua rangi hizo. Mimi pia ndiye niliyemnunulia Mama simu janja, nikamsajili kwa mkono wangu, nikamwambia, "Mama, safari hii hutashtukizwa na maji." Akanijibu, "Haya mwanangu, Mungu akubariki," kwa ile sauti anayoitumia mtu anapomletea zawadi asiyojua ataiweka wapi.

Masika ya mwaka uliofuata, usiku mmoja, saa tisa kasoro, simu yangu ililia. Mfumo ulikuwa umefanya kazi. Nilikaa kitandani kwenye chumba nilichopanga Mbezi, nikafungua ramani, nikaziangalia nukta zikibadilika moja moja. Ya Mama ilichukua kama dakika mbili, ikawa kijani. Nikasema alhamdulillah. Nikageuza shuka upande mkavu, maana bati langu nalo lilikuwa linavuja, nikalala.

Sijawahi kumwambia mtu ofisini kwamba nililala.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilipigiwa na namba nisiyoijua. Alikuwa jirani yetu, kijana anayeuza mkaa. Alisema, "Kaka, Mama yupo, usiwe na hofu, ila njoo." Mvua ikinyesha Dar, "njoo" ni neno refu. Magari ya mwendokasi yalikuwa yamesimamishwa kwa ajili ya maji ya Jangwani, daladala zilijaa hadi mlangoni. Sehemu nilipanda bodaboda, sehemu nikatembea. Nilipofika ilikuwa karibu saa nne.

Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kitenge cha mtu mwingine mabegani. Goti lake la kulia ni bovu tangu zamani. Muuza mkaa alikuwa amembeba mgongoni kutoka ndani, maji yakiwa yamempita kiuno. Magunia mawili ya unga wa ngano, ndoo ya mafuta, sukari, mtaji wake wote wa maandazi ulikuwa umekuwa uji mweusi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mzee aliyepooza upande mmoja. Wanawe walimpandisha juu ya meza, akakaa pale mpaka kulipokucha, maji yakipita chini yake. Alikuwa mzima. Nilipomwamkia aliitikia "marahaba" kama kawaida, na hiyo ndiyo iliyonivunja nguvu.

Simu janja ya Mama ilikuwa juu ya kabati, kavu kabisa. Alikuwa ameizima sauti kwa sababu ujumbe wa matangazo ulikuwa unamwamsha usiku, na yeye huamka saa kumi kukanda unga. Niliichukua nikausoma ujumbe niliouandika mwenyewe nikiwa nimevaa sweta: "Tahadhari. Kina cha maji kimefikia kiwango cha 3. Ondoka mara moja katika eneo hatarishi."

Nikamsomea. Sijui kwa nini nilimsomea. Labda nilitaka anihurumie.

"Kiwango cha tatu ndiyo nini?" aliuliza. Kisha akaniangalia. "Na hata ningeusoma, niondoke niende wapi?"

Wiki hiyo niliandika ripoti. Karibu kila ujumbe ulikuwa umefika, na mimi niliandika kwamba jaribio limefanikiwa. Sentensi hiyo hakuna aliyenilazimisha. Ilikuwa kweli kwa kipimo tulichokuwa tumejiwekea: tulikuwa tunapima kufika kwa ujumbe, hatukuwa tunapima kufika kwa mtu. Nikaweka saini. Halafu nikaomba likizo, nikarudi Tandale, nikalala sebuleni chini ya mistari ya baba.

Alfajiri ya pili nikiwa namsaidia Mama kugeuza maandazi kwenye karai, nilimuuliza alichokuwa anakiona kosa langu. Hakutaka kunijibu moja kwa moja. Alisema tu, "Akili nyingi huondoa maarifa," akanikabidhi ungo. Nikaona basi niulize wengine.

Nilinunua daftari la kurasa 96. Sikuwa na dodoso. Nilianza na muuza mkaa: wewe ulijuaje? Akasema alipigiwa na binamu yake anayekaa juu zaidi, upande mto unakotoka. Maji yakimfikia binamu mlangoni, huku yanakuwa bado na nafasi kidogo. Mama mmoja alisema yeye hujua kwa harufu. Mvua ikiwa kubwa, kuna watu hutapisha vyoo, wanaachia uchafu uende na maji, na harufu ikibadilika anajua mto umeshaanza kuzoa. Dereva wa bajaji alisema huangalia kalavati fulani. Likishapotea machoni, haendi tena nyumbani, anapaki juu na kuwaita wanawe.

Nikauliza habari husambaaje usiku. Wakanicheka. "Wewe mtoto wa hapa, hujui?" alisema mama mwenye genge. "Mtu akifariki saa nane usiku, saa kumi na moja turubai limeshafungwa, viti vimeshakuja, na daftari la michango lina majina. Nani alituma ujumbe?" Nilisimama pale na kalamu yangu. Nilikuwa nimesoma miaka minne jinsi taarifa zinavyosafiri kwenye mitandao, na sikuwahi hata mara moja kuufikiria msiba. Mjumbe anamgongea mwenzake, mwenzake anamgongea anayejua simu za kikoba, muadhini anatangaza kwa kipaza sauti, waamkao mapema wanawaambia wanaochelewa. Mfumo ule una njia za akiba. Mmoja akilala, habari hupita kwa mwingine.

Lakini jibu lililobaki kichwani mwangu lilitoka kwa msichana wa darasa la sita. Nilimuuliza usiku ule walikwenda wapi. Akasema walikwenda shuleni, kwa sababu shule ipo juu. Kumbe watu zaidi ya hamsini walikwenda shuleni. Walifika wakakuta geti limefungwa. Mlinzi usiku ule hakuweza kuvuka maji kuja kazini, na ufunguo alikuwa nao yeye. Watoto waliruka ukuta. Bibi zao hawakuweza. Walisimama nje kwenye mvua, wamejifunika mabeseni kichwani, mpaka alfajiri, hatua kumi kutoka kwenye madarasa makavu.

"Tungekuwa na ufunguo," alisema bibi yake, aliyekuwa akitusikiliza huku anachambua mchele, "huo ujumbe wako hata usingekuja, tungepona tu."

Niliporudi ofisini nilikuwa na daftari lililojaa. Mwenzangu mmoja, mtu mwema, alinionyesha kitu alichodhani kitanifariji: picha ya chumba cha operesheni cha jiji la Rio de Janeiro, kule Brazil. Ni picha inayopendwa sana na watu wa kazi yetu. Ukuta mzima ni skrini, watu wamekaa mbele yake kwa safu kama wanarusha chombo angani. Kituo kile kilifunguliwa mwisho wa mwaka 2010, baada ya mvua za Aprili mwaka huohuo kuporomosha milima na kuua watu wengi mkoani Rio. "Unaona?" alisema. "Hapa ndipo tunapokwenda."

Niliitazama picha ile muda mrefu. Usiku nikasoma zaidi, na nikagundua kwamba hadithi ya Rio ina nusu ya pili isiyowekwa kwenye mawasilisho. Jiji lile lilifunga pia ving'ora kwenye favela zilizo kwenye miteremko hatari, likateua mahali pa kukimbilia, likawafundisha wakazi wenyewe kuwa watu wa kuwaongoza wenzao kuondoka king'ora kinapolia. King'ora, mlango ulio wazi, na jirani anayeufahamu. Hakuna anayepiga picha ya mlango. Skrini inang'aa, na aliyealikwa kuzindua anaweza kusimama mbele yake.

Nikasoma pia kuhusu Toronto, Kanada. Oktoba 2017 kampuni dada ya Google, Sidewalk Labs, ilitangaza mpango wa kujenga mtaa wa kisasa ufukweni mwa ziwa, wenye vifaa vya kukusanya taarifa karibu kila kona. Wakazi walianza kuuliza: taarifa hizo zitakuwa za nani? Nani aliwaambia tunazihitaji? Waliuliza kwa zaidi ya miaka miwili. Mei 2020 kampuni ikajiondoa, ikitaja hali ngumu ya uchumi. Nilivutiwa na maswali kuliko mwisho wake. Wale walikuwa watu wenye maji safi na barabara za lami, na bado walitaka kuulizwa kwanza.

Tena si kwamba nimegeuka kuwa adui wa teknolojia. Jirani zetu wa Nairobi walinionyesha upande mwingine. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu zao, wakarekodi njia zaidi ya 130, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya matatu ya jiji zima. Hawakuwaambia abiria wasubiri treni ya kesho. Walichukua usafiri ambao watu tayari wanautumia wakauandika kwa heshima. Simu ile ile, mtandao ule ule. Walichotanguliza wao ni abiria.

Basi nikasimama mbele ya wakubwa zangu na daftari langu la kurasa 96. Niliwasomea habari za harufu, za msiba, za geti. Mkuu wangu alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sawa. Sasa hapa teknolojia iko wapi?"

Lilikuwa swali la haki, na sikuwa nimejiandaa. Nilijibu kwamba kifaa cha chini ya daraja kibaki, kwa sababu binamu wa muuza mkaa naye hulala, na mto hauna mwenyewe usiku. Ila badala ya kutuma maandishi kwa mamia ya simu zilizozimwa sauti, kiwapigie simu watu kumi na wawili, sauti ya binadamu, irudie mpaka wapokee. Wawe watu ambao tayari wako macho au huamshwa kwa urahisi: wakaanga maandazi, madereva wa bajaji, muadhini, wajumbe. Ujumbe usiseme kiwango cha tatu. Useme, "Maji yamefika kwenye kalavati. Nendeni shuleni. Geti liko wazi." Na kabla ya yote hayo, ombi langu la kwanza lilikuwa shilingi elfu chache za kuchonga ufunguo wa pili.

Walikubali nusu. Mamia ya ujumbe yalibaki, kwa sababu yanahesabika na yanapendeza kwenye ripoti. Watu kumi na wawili nao wakaingizwa. Ufunguo niliuchonga kwa pesa yangu, baada ya vikao vitatu na kamati ya shule na barua mbili zenye mihuri. Anao mama mmoja anayekaa mkabala na geti. Ameutundika kwenye msumari pamoja na rozari yake.

Masika iliyofuata mvua ilikuja tena usiku. Safari hii sikuangalia nukta. Nilimpigia mama wa ufunguo.

"Shikamoo mama. Geti vipi?"

"Marahaba. Nimeshafungua, mwanangu. Mama yako yupo hapa anawapangia watu mahali pa kulala, utadhani shule ni yake."

Nilicheka peke yangu gizani. Kisha nikamuuliza kuhusu mzee aliyepooza, na upande wa pili ukawa kimya. Kwenye daftari langu alikuwa na mtu wa kumbeba, kijana wa nyumba ya jirani, mwenye nguvu. Kijana yule alikuwa amehamia Chanika miezi miwili nyuma. Sikujua. Daftari lilikuwa limezeeka, na hakuna kifaa chochote chini ya daraja kinachoweza kupima kuhama kwa mtu. Muuza mkaa alirudi kwenye maji kumfuata. Walifika shuleni wote wawili, mzee akiwa ameloa mpaka kifuani, analalamika kwamba ameacha fimbo yake.

Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 kwenye sensa ya 2022. Sina daftari la kuwatosha, na najua mtu anaweza kuniambia kwamba ufunguo mmoja wa geti moja si mpango wa jiji. Ni kweli. Mto unahitaji kuchimbwa na kujengwa kingo, na hayo ni mabilioni, na mengine yanafanyika. Lakini kila ninapokaa kwenye kikao cha jiji janja, nikiona picha za vioo na mishale, nasubiri mahali pa kuuliza maswali, nanyoosha mkono. Wenzangu wameshanizoea. Wengine hunijibu kabla sijauliza.

Kila Februari, kabla ya mvua, naomba siku tatu za likizo. Nanunua daftari jipya, napita nyumba kwa nyumba. Nani amehama? Nani amejifungua? Nani siku hizi hawezi kutembea? Nani anabeba nani? Ufunguo bado uko kwenye msumari? Mama hunitayarishia maandazi ya kuwapelekea ninaowauliza, kwa sababu, anasema, huwezi kumuuliza mtu maswali yote hayo mikono mitupu.

Ukutani sasa kuna mstari wa nne. Aliuchora Mama mwenyewe, kwa mkaa, asubuhi ile aliporudi kutoka shuleni. Maji yalifika kiunoni. Pembeni yake ameandika mwaka kama alivyokuwa akifanya baba, na chini ya mwaka, kwa herufi zake kubwa za elimu ya watu wazima, ameongeza neno ambalo baba hakuwahi kupata nafasi ya kuliandika: HATUKUWEPO.